Kubadili taa za gari kuwa LED: anza ndani na nyuma, taa kubwa ziache za mwisho

Umeme12V (mwanzisha uzi)

Heshima kwenu wakuu.

Kila mara linaulizwa swali hili: "LED gani nzuri kwa IST? Kwa Noah? Kwa Probox?" Majibu yanayokuja ni majina ya bidhaa na mahali pa kununua, basi. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar, na magari mengi yanayoletwa kwangu kwa tatizo la taa tayari yamefungwa LED (taa za chipu badala ya waya unaowaka) na mtu mwingine. Nimeona niweke haya mambo sehemu moja.

Msimamo wangu nautoa mapema. LED ndani ya gari, kwenye breki, kwenye rivasi na kwenye namba: weka, utafurahi. LED kwenye taa kubwa za mbele zilizotengenezwa kwa balbu ya kawaida ya waya, yaani halojeni: subiri kwanza, soma uzi huu hadi mwisho.

Tuanze na kujua unachonunua. Usimwambie muuzaji wa spea wa Gerezani "nipe LED ya IST". Chomoa balbu iliyomo usome maandishi yake. Ile ndogo isiyo na kitako cha chuma, ya paking na ya namba, ni T10, nayo ni wati 5. Ile ya taa ya dari yenye ncha mbili kama fyuzi ya kioo, kwenye Toyota nyingi ina urefu wa milimita 31. Breki na taa ya nyuma zikiwa kwenye balbu moja utakuta 21/5, yaani nyuzi mbili ndani ya balbu moja, wati 21 za breki na wati 5 za usiku. Indiketa ni wati 21. Za kitako cha chuma ziangalie vipini: za indiketa ya rangi ya chungwa mara nyingi vipini vyake havikukaa sambamba, kwa makusudi, ili mtu asiweke balbu nyeupe mahali pa chungwa.

LED ina chanya na hasi, tofauti na balbu ya waya. Ukiichomeka ikakataa kuwaka, igeuze upande wa pili kabla ya kuitupa au kurudi dukani kugombana.

Rangi. Hapa watu wanapoteza hela. LED nyeupe kwa asili ni chipu ya bluu iliyopakwa unga wa njano, na mwanga wake una wekundu kidogo sana ukilinganisha na balbu ya waya. Ukiiweka nyuma ya kioo chekundu cha breki, kioo kinaruhusu nyekundu tu ipite, na nyekundu yenyewe ni haba. Matokeo yake ni breki ya waridi iliyofifia, hafifu kuliko ile ya zamani uliyoitoa. Kwa hiyo kioo chekundu kiwekee LED nyekundu, na kioo cha chungwa kiwekee LED ya chungwa. Nyeupe iende kwenye kioo cheupe.

Kwenye breki LED ina faida ambayo haizungumzwi sana. Waya wa balbu ya kawaida unahitaji muda kupata moto ndipo ung'ae, kama sehemu ya tano ya sekunde. LED inawaka papo hapo. Gari linalokufuata kwa kilomita 100 kwa saa linakula zaidi ya mita 5 katika muda huo mdogo. Mita 5 ni urefu wa gari zima. Kwa hiyo ukiniuliza LED ya kwanza kununua ni ipi, nitakwambia breki, hasa ile ya juu katikati ya kioo cha nyuma.

Ila kuna sharti. Balbu ya 21/5 lazima iwe na tofauti kubwa kati ya mwanga wa usiku na mwanga wa breki. LED nyingi za bei ya chini zinawaka karibu sawa katika hali zote mbili. Anayekufuata usiku anaona taa nyekundu kali muda wote, na ukikanyaga breki haoni badiliko lolote. Kabla ya kulipa, washa taa za usiku, mtu akanyage breki, wewe simama hatua kadhaa nyuma ya gari. Usipoona tofauti ya wazi mchana kweupe, rudisha.

Taa kubwa nitazirudia chini. Karibuni kwanza kwa maswali.

DerevaNoah

Asante mkuu kwa nondo. Mimi niliweka LED kwenye indiketa zote nne, sasa zinapiga haraka sana, tik tik tik tik, kama taa imeungua. Fundi aliyefunga akasema "ndivyo LED zilivyo, zoea". Ni kweli?

Umeme12V

Pole mkuu, hiyo siyo ya kuzoea. Indiketa inatakiwa ipige kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Flasha ya gari lako, yaani kifaa kinachopigisha indiketa, inapima umeme unaopita. Balbu ya wati 21 inakula karibu ampia 2, LED inakula sehemu ndogo tu ya hiyo. Flasha inadhani balbu moja imekufa, inaongeza kasi kukuarifu. Imefanya kazi yake sawasawa.

Njia ni mbili. Ya kwanza, ambayo mimi naipenda, ni kubadili flasha yenyewe uweke ya kielektroniki isiyojali mzigo. Toyota nyingi za umri wa magari yetu flasha inachomoka, inakaa chini ya dashibodi au kwenye boksi la fyuzi. Peleka ile ya zamani dukani ulinganishe idadi ya pini na mpangilio wake. Kwenye baadhi ya magari mapya kazi hiyo inafanywa na kompyuta ya bodi, hakuna cha kuchomoa.

Hapo inabaki njia ya pili: rezista ya omu 6 sambamba na kila balbu, ili kuidanganya flasha. Inafanya kazi, lakini inakula zaidi ya wati 30 kila indiketa inapowaka, na yote hiyo inageuka joto. Nimeshakuta rezista iliyofungwa kwa tepu juu ya plastiki ya ndani ya buti, plastiki imeyeyuka hadi waya ukabaki wazi. Rezista inafungwa kwa skrubu kwenye bati la bodi, mbali na waya na mbali na zulia. Na ukiwasha hazadi kwa muda mrefu, mfano gari limekufa barabarani, ndipo joto linapopanda zaidi. Jiulize pia: kama lengo lilikuwa kupunguza umeme, sasa umeurudisha wote.

Shangazi_Mbezi

Mimi sio fundi ila nachangia upande wa ndani. Nilibadili taa ya dari na ya buti kwenye Passo yangu na nafuu nimeiona, hasa nikirudi na mizigo usiku au mtoto akidondosha kitu chini ya kiti. Watoto wakisahau taa ya dari imewaka sina wasiwasi kama zamani. Kasoro yangu ni moja, nyeupe yake inaumiza macho. Na je, taa za dashibodi nazo nibadili? Kuna kijana ameniambia ataniwekea za bluu.

Umeme12V

Shangazi shikamoo, na karibu. Kuhusu betri uko sahihi: taa ya dari ya kawaida ni kama wati 8, ya LED ni wati moja au mbili hivi. Kwa betri ndogo ya Passo tofauti hiyo ni kubwa mlango ukiachwa wazi usiku kucha.

Inayokuumiza macho ni ile nyeupe ya ubaridi, kelvini 6000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Omba ya kelvini 3000 hadi 4300, yenye ujoto wa njano kidogo. Usiku jicho likishazoea giza, mweupe mkali ndani ya gari unalirudisha nyuma, na ukizima unakaa muda bila kuona vizuri nje. Kwa sababu hiyohiyo sikushauri bluu kwenye dashibodi. Jicho linahangaika kuona bluu kwa uwazi gizani, na kwa sisi tuliovuka miaka 40 ni kazi zaidi.

Kama dashibodi ina vibalbu vidogo vya kuzungusha unaweza kuweka LED nyeupe ya joto, lakini mwambie kijana huyo ASIGUSE taa ya alama ya betri. Kwenye magari mengi ya zamani, umeme unaopita kwenye kibalbu hicho ndio unaoiamsha altaneta ianze kuchaji unapowasha gari. Ukiweka LED, umeme unaopita unakuwa mdogo mno na altaneta inaweza isiamke. Unaendesha vizuri mpaka betri inaisha njiani, na kila fundi atakwambia altaneta imekufa. Watu wameuziwa altaneta nyingine kwa kosa la kibalbu kimoja.

MseeWaKirinyaga

Salamu kutoka Nairobi. Mimi nauza spea za umeme Kirinyaga Road, na nitapingana na wewe kidogo, boss. LED za H4 (aina ya balbu ya taa kubwa yenye dimu na fulu pamoja) nimeziuza kwa miaka na wateja wanarudi kuchukua nyingine. Mteja anakwambia sasa barabara ni mchana. Unataka kuniambia wote hao hawaoni wanachokiona?

Umeme12V

Karibu sana ndugu, na nafurahi umekuja muuzaji mwenyewe. Wateja wako wanaona kweli. Swali ni wanaona wapi.

H4 ya kawaida ina nyuzi mbili. Wa dimu (mwanga wa chini) umekingwa kwa chini na kikombe kidogo cha chuma, hivyo mwanga wake unaenda nusu ya juu tu ya reflekta (bakuli la kung'aa nyuma ya balbu), nayo inaurusha chini barabarani. Wa fulu (mwanga wa mbali) hauna kikombe, unatumia reflekta nzima. Aliyechora reflekta alihesabu kila mkunjo kwa kuzingatia waya mwembamba uliokaa mahali pamoja, kwa kipimo cha sehemu za milimita. LED ina bamba lenye chipu pande mbili. Bamba likiwa nene, au chipu zikiwa zimesogea mbele kidogo, au balbu ikiwa imezungushwa vibaya chipu zisitazame kulia na kushoto, reflekta inaanza kurusha mwanga mahali ambapo haikupangiwa. Sehemu yake inapanda juu, kwenye macho ya anayekuja. Sehemu nyingine inamwagika mita chache mbele ya bampa.

Hiyo ya mbele ya bampa ndiyo mteja wako anaiita mchana. Lami ya karibu ikiwa nyeupe sana mboni inajikaza, na mboni ikijikaza, kule mbali, ambako ng'ombe au mtembea kwa miguu yuko, kunakuwa kweusi zaidi. Dereva anajisikia salama na wakati huohuo anaona umbali mfupi zaidi. Hilo ndilo linalonitisha.

Tena kuna namba zinazoandikwa kwenye maboksi. Balbu halali ya H4 inatoa kama lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1000 kwenye dimu na 1650 kwenye fulu. Boksi linaandika lumeni 20,000. Kama ingekuwa kweli, balbu ingehitaji umeme mwingi mno na ingejiyeyusha ndani ya kasha la taa. LED inatoa joto lake kwa nyuma, kwenye kitako, ndiyo maana ina feni au mapezi. Ukilazimisha kufunga kifuniko cha mpira juu ya feni, inakufa mapema. Ukiacha kifuniko wazi, vumbi na unyevu wa huku Pwani vinaingia na reflekta inapauka. Kasha zima limeharibika kwa ajili ya balbu.

Sikatai kwamba zipo zinazofanya vizuri. Ujerumani mwaka 2020 kampuni ya Osram ilipata kibali cha kwanza cha balbu ya LED ya kubadilishia halojeni, aina ya H7, na kibali kile kilikwenda kwa orodha ya magari, modeli kwa modeli. Yaani balbu ileile inakubaliwa kwenye gari moja na kukataliwa kwenye jingine, kwa sababu reflekta zinatofautiana. Huo ndio ukweli ambao boksi la "inafaa magari yote" linauficha.

MseeWaKirinyaga

Nimekusoma. Na projekta je? Mazda Demio na Subaru nyingi huku zina ule mpira wa kioo.

Umeme12V

Projekta ina bamba ndani linalokata mwanga, kwa hiyo LED ikiwekwa humo kumulika macho ya wengine kunapungua sana. Umbali wa kuona bado unaweza kupungua, ila madhara kwa anayekuja ni madogo. Mteja wa projekta muuzie nyembamba, ya kelvini 4300 hadi 5500, na mwambie apime ukutani. Mteja wa reflekta anayetaka LED kwa dhati, afadhali afunguliwe kasha afungiwe projekta ya LED kamili yenye dimu na fulu. Ni ghali zaidi na inataka fundi anayejua kufunga tena kasha lisivujishe maji, lakini mwanga unakaa mahali pake.

SafariIringa

Wakuu mimi ndiye mwathirika wa pande zote. Nasafiri Dar hadi Iringa kikazi, mara nyingi usiku unanikutia Mikumi. Pale hifadhini spidi ni 50 na tembo wanavuka wakitaka. Taa za gari langu ni H4 za kawaida, zimefifia kama mshumaa. Anayekuja na LED ananipofusha kabisa, nikitoka kwenye mwanga wake sioni hata mstari wa barabara. Nilikuwa nakwenda kuweka LED ili nami nionekane. Sasa mnanishauri nini?

Umeme12V

Mkuu, kabla ya kununua chochote fanya haya kwa mfuatano, na mengi ni ya gharama ndogo.

Angalia kioo cha taa. Magari yetu yana kioo cha plastiki, jua limekiunguza, kimekuwa cha njano na ukungu. Mwanga unatoka kwenye balbu ukiwa mzima, unatawanyika kwenye kioo. Kipigwe msasa wa maji, anza 800, halafu 1000, 2000 na 3000, kisha kompaundi ya kung'arisha, na mwisho kipakwe vanishi yenye kinga ya jua. Anayekupigia dawa ya meno anakupa wiki chache tu, kwa sababu hakurudisha ile kinga. Kama ukungu uko kwa ndani, hapo ni maji yanaingia, tafuta ufa kwanza.

Halafu pima volti kwenye soketi ya taa, taa ikiwa inawaka na injini inaunguruma. Hapa ndipo penye siri ya taa nyingi "dhaifu". Mwanga wa halojeni unashuka haraka kuliko volti: ukipoteza asilimia 10 ya volti, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Waya wa miaka 20, swichi iliyochoka, na waya wa hasi ulioota kutu kwenye bodi vinatosha kukuibia kiasi hicho. Betri ikiwa inasoma 14 na soketi inasoma 12, tatizo lako si balbu.

Mwisho lenga taa. Gari kwenye sakafu bapa, upepo wa matairi uwe sawa, mtu wa uzito wako akae kitini. Simama mita 5 kutoka ukutani. Pima urefu wa katikati ya taa kutoka chini, weka alama ukutani, kisha dimu ikate sentimita 5 chini ya alama hiyo. Zipo skrubu nyuma ya kasha, moja ya juu na chini, nyingine ya kulia na kushoto.

Anayekuja na mwanga mkali usimtazame. Peleka macho kwenye mstari wa kushoto wa barabara, punguza mwendo, usimrudishie fulu.

BujaUsiku

Mimi niko Bujumbura. Huku tunaendesha kulia lakini Toyota zetu nyingi ni za Japani, usukani kulia. Hata kwa balbu za kawaida tunamulikana vibaya. Sababu ni hiyohiyo?

Umeme12V

Karibu kaka. Sababu ni ya jirani yake. Dimu ya gari la Japani ina ncha inayopanda upande wa kushoto, kumulika pembeni mwa barabara ya wanaoendesha kushoto kama sisi na Wakenya. Ukilipeleka Burundi au Rwanda, ncha ile inaelekea kwa anayekuja. Kulenga chini zaidi kunasaidia kidogo, lakini dawa kamili ni kasha la taa la gari la usukani kushoto, kama modeli yako inalo. Na ukiongeza LED juu ya hapo, unazidisha ubaya mara mbili. Ningekuwa huko, LED ya mbele ningeikataa kabisa.

MdauUghaibuni

Niko Uingereza. Tangu 2021 mwongozo wa ukaguzi wa kila mwaka unasema gari lenye taa za halojeni likikutwa na LED kwenye taa kubwa, linafeli. Za ndani hawana habari nazo. Nilidhani ni ukali wa bure, nimeelewa leo.

DerevaNoah

Na trafiki wa kwetu je?

Umeme12V

Trafiki anakushika kirahisi kwa rangi na kwa vimulimuli. Mbele kukiwa na nyekundu au bluu, au taa zinazopepesa kama za msafara, hapo unajitafutia. Indiketa iwe ya chungwa, nyuma nyekundu, namba na rivasi nyeupe. Ukibaki humo ndani huna ugomvi na mtu.

SafariIringa

Mrejesho wakuu. Nimepima. Betri 14.1, soketi ya kulia 12.6, ya kushoto 11.9. Fundi wa hapa Iringa anasema niweke balbu ya wati 100 ifidie.

Umeme12V

Mkatalie. Waya uleule unaopoteza volti 2 kwa wati 55 utapoteza zaidi kwa 100, na utapata moto. Soketi itayeyuka, kisha reflekta itaungua.

Upande wa kushoto anza na hasi: ifuate kutoka soketi hadi inapofungwa kwenye bodi, fungua boliti, kwangua kutu hadi chuma king'ae, funga tena upake grisi. Pima upya. Ikibaki chini ya 13 pande zote, funga rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme), moja ya dimu na moja ya fulu, zivute umeme moja kwa moja kutoka betri kwa waya wa milimita za mraba 2.5 wenye fyuzi karibu na betri. Waya wa zamani uachie kazi ya kuamsha rilei tu. Swichi yako ya taa nayo itapumua.

Kisha nunua H4 mpya mbili za 60/55 (wati 60 za fulu, 55 za dimu) za kampuni inayoeleweka, ubadili zote kwa pamoja. Usishike kioo chake kwa vidole, mafuta ya ngozi yanakifanya kipasuke kikipata moto. Lenga ukutani ndipo uende Mikumi. LED uliyokuwa unaitaka ipeleke kwenye breki ya juu, na ukifika utuambie soketi zinasoma ngapi.